Tavkveri haizai peke yake: zabibu za Georgia na soko linalotaka mbili tu

Kuna zabibu nyeusi inaitwa Tavkveri, asili yake ni Kartli, mkoa wa katikati ya Georgia (naongelea ile nchi ya Kaukazi, siyo jimbo la Marekani), na ina tabia moja ambayo mpaka leo sijaacha kuifikiria. Maua yake ni ya kike. Mizabibu karibu yote inayolimwa siku hizi ua lake lina kiume na kike pamoja, linajichavusha lenyewe na kazi inaisha, ila Tavkveri chavua yake haina nguvu, kwa hiyo ukiipanda shamba zima yenyewe kwa yenyewe utavuna vichala vyenye mapengo, punje tatu hapa, tano kule, nyingine zimedumaa kama pilipili manga. Wazee wa Kartli walilijua hilo kabla hajatokea mtu wa kuwaeleza habari za chavua, ndo maana walikuwa wanaichanganya na zabibu nyeupe ya huko huko inayoitwa Chinuri, mstari huu Tavkveri, mstari unaofuata Chinuri, mengine wanaachia upepo.

Nilionyeshwa jambo hili na mzee mmoja ambaye familia yake ilinikaribisha siku ya mavuno, kipindi nasoma Tbilisi. Shamba lenyewe dogo tu, nyuma ya nyumba, hata nusu eka halifiki. Alikata kichala kimoja karibu na mstari wa Chinuri, kimejaa, punje zimebanana mpaka kidole hakipiti, akaniwekea mkono wa kulia. Akaenda mpaka mwisho wa shamba, kwenye kona ambako Chinuri zilishakufa na hazikurudishiwa, akakata kingine akaniwekea mkono wa kushoto, na hicho kilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Hakusema kitu, alisubiri tu nione mwenyewe. Halafu kijana wake, ambaye Kiingereza chake ndo kilikuwa kinatuunganisha, akaniambia kwamba yeye anamshauri mzee wang'oe zote, Tavkveri na Chinuri, wapande Saperavi, kwa sababu wanunuzi wakija na malori wanaulizia Saperavi.

Kijana hana kosa hata kidogo, ana watoto wa kusomesha. Lakini hapo hapo ndo penye hoja yangu. Georgia inajivunia zabibu zake za asili kuliko karibu nchi yoyote ninayoijua, na ina haki ya kujivunia, ila kwa maoni yangu inajivunia orodha wakati mashamba yanakwenda upande mwingine, na tayari imeshaumia kwa njia hiyo hiyo mara mbili.

Tuanze na hiyo orodha. Kila anayeandika kuhusu mvinyo wa Georgia lazima akutajie namba 525, ndo idadi ya aina za zabibu za asili ambazo wataalamu wao waliziorodhesha katikati ya karne iliyopita, wakazielezea moja moja, jani lake likoje, kichala kikoje, inaiva lini. Ni kazi kubwa sana ile na mimi naiheshimu. Ila ukienda Kakheti, mkoa wa mashariki unaotoa sehemu kubwa kabisa ya zabibu za nchi, utaendesha gari bonde zima la Alazani, milima ya Kaukazi ina theluji upande wako, na mashamba unayoyaona kilomita kwa kilomita ni Rkatsiteli na Saperavi, Saperavi na Rkatsiteli. Hizo mbili ndo zinabeba mavuno. Nyingine zote mia tano na kitu zinagawana kinachobaki, na nyingi kati ya hizo zipo kwenye mistari michache ya kituo cha utafiti au kwenye ua wa mtu mmoja.

Nisieleweke vibaya, siyo kwamba hizo mbili ni mbaya. Saperavi ni zabibu ya ajabu, ukiipasua ndani nako ni nyekundu, wakati zabibu nyeusi nyingi nyama yake haina rangi na mvinyo unapata wekundu kutoka kwenye ganda tu. Jina lenyewe linatokana na rangi, kitu cha kutilia rangi. Mvinyo wake unakuwa mweusi kama juisi ya zambarau, mchachu, mzito, unakaa miaka. Rkatsiteli nayo, jina linahusu kikonyo chake chekundu, inavumilia baridi kali na uchachu wake haupotei hata ikichelewa kuvunwa, na enzi za Wasovieti ilipandwa eneo kubwa sana mpaka ikawa miongoni mwa zabibu nyeupe zilizolimwa zaidi duniani. Ni zabibu zinazostahili sifa zake zote. Tatizo langu ni idadi, yaani nchi yenye utajiri ule kuishi kwa mbili.

Sasa kwa nini nasema aina ikipotea ni jambo zito kiasi hicho, hapa inabidi nieleze mzabibu unavyopandwa, na kwetu rahisi kuelewa kwa sababu ni kama muhogo. Huoteshi mbegu. Ukiotesha mbegu ya Saperavi utapata mzabibu mwingine kabisa usiojua utazaa nini, kama mtoto asivyokuwa nakala ya mzazi. Ukitaka Saperavi unakata kipande cha mti wa Saperavi unakichomeka ardhini, au tangu ule mdudu wa filoksera alipofika Kaukazi mwishoni mwa karne ya 19 na kuanza kula mizizi, unakibebesha kwenye shina la mzabibu wa Kimarekani ambao mizizi yake inamvumilia. Maana yake ni kwamba kila aina ni mti mmoja ambao umekuwa ukikatwa na kuchomekwa, ukikatwa na kuchomekwa, mkono kwa mkono, pengine kwa miaka elfu na zaidi bila kukatika. Kizazi kimoja tu kikiacha, imeisha. Hakuna mbegu iliyolala ardhini ikisubiri mvua.

Na kwa Georgia kuna la ziada. Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa wa DNA ya mizabibu zaidi ya 3,000 ya nchi mbalimbali, ukaonyesha kwamba binadamu aliufanya mzabibu kuwa wa shambani sehemu mbili tofauti, Mashariki ya Kati na Kaukazi, takriban miaka 11,000 iliyopita. Ule wa Mashariki ya Kati ndo ulisambaa Ulaya na kuzaa hizi zabibu maarufu ambazo dunia nzima inazo. Wa Kaukazi haukusambaa sana, ulibaki nyumbani. Kwa hiyo Mfaransa akipoteza aina fulani leo kuna uwezekano ndugu zake wa damu wapo Hispania, wapo Italia, wapo mpaka Chile, ila Mgeorgia akipoteza za kwake hakuna kwa kwenda kuazima, labda Armenia na Azerbaijan jirani hapo, basi. Mimi nilipolisoma hilo ndo nilielewa kwa nini yule mzee alikuwa anashika kile kichala kwa uangalifu ule.

Sasa twende kwenye hizo mara mbili nilizosema.

Mara ya kwanza ni enzi za Wasovieti. Moscow ilitaka tani, na ukitaka tani unachagua aina chache zinazozaa sana, zisizosumbua kwa magonjwa, zinazoiva kwa pamoja, unapanda tambarare na unapeleka yote kiwandani. Mvinyo ukawa unapewa namba kwenye lebo. Mashamba yalipanuka mpaka yakapita hekta laki moja, ila uchaguzi ulikuwa umebanwa. Kisi na Khikhvi, zabibu nyeupe za Kakheti ambazo leo watu wanazilipia pesa nzuri, zilikaribia kabisa kutoweka kwa sababu Kisi inazaa kidogo na kiwanda hakikuwa na shida na harufu ya aprikoti (lile tunda dogo la njano la Wazungu) wala ladha ya jozi, kilikuwa na shida na uzito kwenye mizani. Halafu 1985 Gorbachev, kiongozi wa Wasovieti, akaanzisha kampeni ya kupinga pombe na mizabibu ikang'olewa, pamoja na ile mizuri.

Kilichookoa ni uani kwa watu. Kila familia ya kijijini iliruhusiwa kipande chake, na kwenye kipande hicho hakuna aliyelima kwa ajili ya mpango wa miaka mitano, mtu alilima anachotaka kunywa mwenyewe na kumnywesha mgeni. Babu alipenda Khikhvi, basi mistari miwili ya Khikhvi ikabaki. Nyumba ikawa na marani yake, ndo chumba cha mvinyo, na sakafuni mwa marani mitungi imefukiwa mpaka shingoni. Ile mitungi inaitwa kvevri. Nilikuwa nimesoma habari zake kabla sijaiona na bado ilinishangaza, kwa sababu ukiingia unaona chumba kitupu tu chenye vimdomo vya duara sakafuni, ungedhani ni visima vidogo, na mvinyo wote uko chini ya miguu yako.

Nieleze kidogo hapa kwa sababu bila kvevri huwezi kuzielewa hizi zabibu. Mtungi ni wa udongo, umbo la yai lililochongoka chini, kuna wa lita mia na kuna wa maelfu, unafinyangwa kwa mkono pole pole kwa siku nyingi, unachomwa, halafu ukiwa bado na joto unapakwa nta ya nyuki kwa ndani. Zikivunwa zabibu, Kakheti wanamimina kila kitu, maji yake, maganda, mbegu, hata vijiti kama vimekomaa. Inachachuka yenyewe, hawaweki chachu ya dukani, ni ile iliyokuja na maganda. Maganda yanapanda juu na mtu anayashindilia chini kwa mti mara kadhaa kwa siku, kisha vurugu ikitulia wanafunika kwa kifuniko, wanaziba kwa udongo, wanauacha mpaka majira ya kuchipua, miezi mitano sita. Kule chini kwenye ncha mbegu zinatulia kwanza, maganda yanazifunika, mvinyo unajisafisha wenyewe. Ukifunguliwa, zabibu nyeupe imetoa kitu chenye rangi ya chai ya rangi. Nilipewa wa Rkatsiteli kwenye bakuli la udongo, na nilichokikuta kwanza mdomoni ni ukakasi, ule ule wa bibo, ulimi unakwaruzika, halafu nyuma yake ndo vinakuja asali, maganda ya chungwa lililokaushwa, kitu kama jozi. Mtu aliyezoea mvinyo mweupe wa friji anaweza kukataa. Mimi nilikula nao kondoo aliyepikwa na majani ya tarragoni na nikaelewa ukakasi ulikuwa unasubiri nini.

Zabibu hiyo hiyo ya Rkatsiteli ukiikamua, ukachuja, ukachachua kwenye tanki la chuma kwa baridi, ukachanganya na Mtsvane kidogo, zabibu nyingine nyeupe ya huko, unapata Tsinandali, mweupe mwepesi unaofanana na mvinyo mwingine mwingi wa Ulaya. Ni safi, unanyweka. Ila kwenye kvevri Kisi na Rkatsiteli na Khikhvi zinatofautiana waziwazi hata kwa mtu asiye mtaalamu, kwa sababu ganda ndo lenye utambulisho wa zabibu na kule ganda linakaa miezi. Ndo maana naamini njia ya kutengeneza na aina za zabibu zilitunzana. Kiwanda kikikamua haraka na kutupa ganda, tofauti nyingi zinapotea na mkulima anaanza kujiuliza anahangaika na aina tano za nini.

Na hapo nimeongelea mashariki tu. Magharibi, Imereti, kuna Tsolikouri, Tsitska na Krakhuna, kule ni kwenye mvua zaidi na wenyewe wanaweka maganda kidogo, mvinyo unatoka mwepesi zaidi, uchachu wake unaamsha. Racha, milimani, bonde dogo kabisa upande wa Ambrolauri, zinaota Aleksandrouli na Mujuretuli, zinazotoa Khvanchkara, mwekundu wenye utamu wa asili, kwa sababu baridi ya milimani zamani ilikuwa inaingia kabla sukari haijaisha na chachu ikalala. Jirani yao Lechkhumi kuna Usakhelouri, maana yake ni "isiyo na jina", zabibu chache mno na bei yake siyo ya kuulizia. Samegrelo nako kuna Ojaleshi, jina la Kimegreli linalohusu mti, kwa kuwa zamani mzabibu huo ulikuwa unaachwa upande juu ya miti mikubwa na mvunaji anapanda nao, amefunga kikapu chembamba chenye ncha kwa kamba, akijaza anakishusha, aliye chini anamwaga, kinapanda tena. Mavuno yake yanachelewa sana mpaka wengine wote wameshasahau habari za mavuno. Huko kupanda miti ndo kuliiua Ojaleshi karibu yote, ukungu ulipoingia karne ya 19 nani angepanda juu ya mti kupulizia dawa kila wiki.

Mara ya pili ya kuumia wengi tunaikumbuka. Baada ya uhuru Georgia iliendelea kuuza karibu kila kitu Urusi, takriban asilimia 80 ya mvinyo uliokwenda nje au zaidi ulikuwa unakwenda huko, na mwingi ulikuwa mtamu, na kwa kweli mwingine ulikuwa wa kughushi kabisa, Khvanchkara iliyouzwa ilizidi kile ambacho bonde lile dogo linaweza kuzaa. Machi 2006 Urusi ikafunga mlango. Walisema sababu ni usalama wa afya, ila uhusiano wa kisiasa ulikuwa umeshaharibika na miaka miwili baadaye ikaja vita. Zabibu zikakosa mnunuzi. Kwa mtu wa Dodoma kama mimi, niliyekulia karibu na mashamba ya Hombolo, hilo halihitaji maelezo marefu, nimeona zabibu zimeiva na mnunuzi hajaja, unaziangalia zinaanza kunywea kwenye mti na harufu ya siki inaanza, na zabibu siyo mahindi useme utaziweka ghalani.

Lakini ndani ya miaka ile saba ya kufungiwa ndo yalitokea mambo yote mazuri tunayoyasifia sasa. Kwa kuwa mnunuzi wa mzigo mkubwa hayupo, watu wachache wakaanza kutafuta wanywaji wa aina nyingine, Ulaya, Marekani, Japani, na wanywaji wale hawakuwa na haja na mtamu wa bei rahisi, walitaka kitu ambacho hakipo kwingine. Nini hakipo kwingine? Kisi ya kwenye kvevri. Chinuri ya mzee fulani wa Kartli, chupa elfu tatu. Mistari ya uani ikatafutwa, vipande vikakatwa na kubebeshwa. Serikali nayo ikaanzisha shamba la kumbukumbu Jighaura, karibu na Mtskheta, lenye aina za asili zaidi ya 400, na miche inatolewa kwa wakulima wanaotaka, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko matangazo yote waliyowahi kuyalipia. Na mwaka 2013 UNESCO ikaiweka njia ya kvevri kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Mwaka huo huo wa 2013 Urusi ikafungua tena mlango.

Nadhani unaona inakoelekea. Miaka hii ya karibuni Georgia inauza nje karibu lita milioni 100 kwa mwaka, na zaidi ya nusu inakwenda tena Urusi. Sehemu kubwa ni mwekundu wenye utamu, na hiyo kazi ni ya Saperavi. Kindzmarauli kwa mfano ni Saperavi ambayo uchachukaji wake unasimamishwa kwa baridi sukari ikiwa bado ipo. Sina dharau na mvinyo mtamu, nimesema Khvanchkara ni mtamu na nadhani ni kati ya vitu vizuri kabisa vinavyotoka milima ile. Ila hesabu ya mkulima ni rahisi: lori linataka Saperavi, serikali nayo mara kadhaa imeweka ruzuku kwenye mavuno ya Kakheti, na ruzuku inayolipwa kwa kilo inampa moyo anayezalisha kilo nyingi. Ukiwa na Kisi inayozaa kidogo unajiona mjinga. Na mpango wote huu umeegemea mnunuzi mmoja ambaye tayari ameshaonyesha anaweza kuondoka ndani ya siku chache.

Kuna wanaojibu kwamba aina ziko salama, ziko Jighaura. Mimi siamini hivyo. Mizabibu mitano ya aina fulani kwenye kituo cha utafiti inatunza mti, haitunzi ujuzi. Ukiirudisha shambani baada ya miaka hamsini utajua jani lake likoje lakini hutajua kwamba inataka ivunwe wiki mbili baada ya jirani yake, au vijiti vyake havifai kuwekwa kwenye mtungi, au kama Tavkveri, haizai bila mwenzake. Hayo yalikuwa kichwani kwa mtu na mtu huyo alikuwa anakumbuka kwa sababu kila mwaka alikuwa anakunywa matokeo yake.

Kwa hiyo nikiulizwa nini kifanyike, mimi naanzia kwenye jina, na hapa najua nabishana na Wageorgia wengi wanaopenda majina ya mahali. Mvinyo wao maarufu umeitwa kwa sehemu unakotoka, Tsinandali, Mukuzani, Kindzmarauli, Khvanchkara. Ni majina mazuri na yana sheria zake. Lakini angalia matokeo: mnywaji wa nje anajua Khvanchkara, hajawahi kusikia Aleksandrouli. Jina la mahali likighushiwa zabibu haina pa kujitetea. Linganisha na Saperavi, ambayo inaandikwa kwa jina lake, leo inalimwa Australia na New York kwenye maziwa ya Finger Lakes, ambako Konstantin Frank, mhamiaji kutoka Ukraine, ndo aliyepeleka Rkatsiteli pia na ikakubali baridi ya kule. Zabibu iliyojulikana kwa jina ilipata wa kuisemea hata mbali na kwao. Iliyojificha nyuma ya jina la kijiji inategemea kijiji hicho peke yake, na Racha ni mkoa ambao vijana wanauhama kila mwaka.

La pili ni bei ya zabibu yenyewe shambani. Pale Racha, Aleksandrouli na Mujuretuli zinalipwa mara kadhaa ya bei ya Saperavi ya Kakheti, na ndo maana bado zipo, hakuna siri nyingine. Ruzuku kama lazima iwepo ingewekwa kwa yule mwenye aina ambazo lori haliulizii, hata kwa mistari michache, ili kijana kama yule wa Kartli akikaa na baba yake mezani wawe na hesabu mbili za kulinganisha. Kwa sasa ana moja.

Sisi Dodoma historia yetu ni nyingine, mizabibu ililetwa na wamisionari karne iliyopita, Chenin Blanc na Syrah ni za Ufaransa, na ile nyekundu tunayoiita Makutupora, jina la kijiji chenye kituo cha utafiti, ndo tunayoiona kama yetu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho yule mzee wa Kartli alikataa kabisa kuamini mpaka nikamwonyesha picha kwenye simu, yenye tarehe. Sitaki kulazimisha mfano. Ila swali la nani ananunua, na anataka aina ngapi, hilo ni lile lile, na kwetu linaulizwa kwa nadra mno kwa sababu wote tunaongelea tani.

Yule mzee hakung'oa mwaka ule. Majira ya baridi kijana alinitumia picha, wamekata vipande vya Chinuri, wamevifunga kwa kamba kama kuni ndogo na kuvifukia kwenye mchanga wenye unyevu visikauke, vikabebeshwe halafu viende kwenye ile kona iliyokuwa tupu. Kijana akaandika kwamba baba ameshinda awamu hii. Mizabibu mipya inachukua miaka kama mitatu kuanza kuzaa, sijui kama watafika huko kabla lori halijarudi na bei nzuri zaidi.

Kwa ndugu mlioko Dubai isiyo mbali, London, Berlin, Toronto, ambako chupa za Georgia zipo madukani na kama unakunywa, geuza chupa usome nyuma. Jina la mahali litakuwa mbele kwa herufi kubwa, jina la zabibu mara nyingi liko nyuma kwa herufi ndogo. Ukikuta Saperavi chukua, hutajuta. Ila kama pembeni yake kuna iliyoandikwa Kisi, au Chinuri, au Ojaleshi, lipa hiyo tofauti ya bei, na ukiikosa muulize mwenye duka kwa jina, maana maduka yanaagiza kile watu wanachoulizia. Tavkveri inaandikwa hivyo hivyo kama nilivyoiandika hapa, ina v mbili, na ipozwe kidogo kabla ya kumimina.